Wageni Waliokuja Kutukana

Tuseme umefungua mlango wa sebule yako jioni, majirani wamefika, mnacheza bao na kuzungumza. Mara wanaingia mamia ya watu usiowajua, nyuso zimefunikwa, na wote kwa sauti moja wanakutukana kwa rangi ya ngozi yako. Hayo ndiyo yaliyowafika watangazaji wengi wa Twitch mwaka 2021. Twitch ni mtandao wa Marekani ambamo mtu huketi nyumbani kwake, akajionyesha moja kwa moja, na watazamaji wakamwandikia papo hapo.

Silaha yenyewe ilianza kwa wema. Mtangazaji amalizapo kipindi, huweza kuwapeleka watazamaji wake wote kwa mwenzake, kama zawadi. Kwa utani, desturi hiyo huitwa uvamizi. Waovu wakaifanya uvamizi wa kweli, kwa akaunti bandia zinazoendeshwa na programu. Na Mei mwaka huo Twitch ilikuwa imeongeza vitambulisho vya vipindi zaidi ya 350, ili watu weusi, wenye ulemavu, waliobadili jinsia na wengineo wapatane kwa urahisi. Vitambulisho hivyo vikawaonyesha wawindaji njia.

Wengi waliambiwa: usiwajibu, watachoka. Kwa maoni yangu huo ni ushauri wa mtu asiyetukanwa. Mashine haichoki. Kilichowafaa ni wenzao: rafiki mwaminifu akakaa mlangoni, akafuta matusi kabla mwenye nyumba hajayasoma, akahifadhi ushahidi. Kisha wakaungana. Tarehe 1 Septemba 2021 wengi waligoma kutangaza siku nzima. Mwezi huohuo kampuni iliwashtaki watu wawili mahakamani huko California, ikawawezesha pia watangazaji kudai kwamba anayetaka kuandika awe amethibitisha namba yake ya simu. Novemba 2022 ikaleta kitufe cha kubana masharti yote kwa mpigo mmoja.

Hata hivyo, mlango uliofungwa hauchagui. Humzuia mtukanaji, na humzuia pia msichana mgeni aliyekuwa akitunga salamu yake ya kwanza. Mtangazaji mchanga, asiye na wafuasi wa kutosha, hasara hiyo humwuma.

Kama kijana wako naye hutangaza kwa simu chumbani, usianze kwa kumnyang'anya. Mwulize ni nani anayemlindia mlango. Na kama hakuna, chukua kigoda ukae naye.