Kwa Nini Indiketa za LED Hukimbia

Bodaboda akishafunga indiketa mpya za LED, furaha yake mara nyingi haifiki mbali. Anawasha ya kushoto, taa zinapepesa mbio mbio. Anarudi dukani kulalamika kwamba ameuziwa taa mbovu. Taa ni nzima. Hata flasha, kile kidude kinachopiga tik-tak chini ya siti au karibu na usukani, ni nzima pia. Inafanya kazi iliyoundiwa.

Flasha nyingi za siku hizi hupima mkondo wa umeme. Globu ya indiketa kwenye pikipiki ndogo kwa kawaida ni ya wati 10 kwa volti 12, hivyo hula kama ampea 0.8. Kila upande una mbili, ya mbele na ya nyuma. Moja ikiungua, mkondo hushuka hadi nusu, na flasha huongeza kasi makusudi ili dereva ashtuke akague taa. Sasa LED hula wati 1 au 2 tu. Zote mbili kwa pamoja hazifikii hata nusu ya globu moja, kwa hiyo flasha inaamini kuna globu zilizoungua. Na mbio hizo si kero tu: kanuni za Umoja wa Mataifa za taa za pikipiki zinataka indiketa ipepese kati ya mara 60 na 120 kwa dakika.

LED kula umeme kidogo hivyo kuna sababu. Globu huchemsha waya mwembamba wa tungsteni mpaka ung'ae, na umeme mwingi huishia kuwa joto. Mwanga kidogo unaopatikana bado unachujwa na kioo cha rangi ya machungwa. LED haihitaji mchujo, maana rangi hutokana na malighafi yake yenyewe. Nick Holonyak alitengeneza LED nyekundu mwaka 1962, na mwanafunzi wake wa zamani, George Craford, akaleta ya njano mwaka 1972.

Kabla hujanunua chochote, rudisha globu zote mbili za upande mmoja ujaribu. Mbio zikiisha, tatizo ni flasha kutoelewana na LED. Zikiendelea, tafuta globu iliyoungua, soketi yenye kutu au waya wa hasi uliolegea.

Mafundi wengi hukimbilia rezista ili kuongeza mzigo ambao flasha inauona. Inafanya kazi, mradi iunganishwe sambamba na taa, yaani mguu mmoja kwenye waya wa indiketa na mwingine kwenye hasi. Ukiikatisha katikati ya njia ya taa, LED itafifia na mbio zitabaki pale pale. Lakini fanya hesabu: rezista ya omu 10 kwa volti 13.5 za injini ikiwa inanguruma hugeuza wati 18 kuwa joto kila taa inapowaka. Ukiifunga kwa tepu juu ya plastiki ya mkia, plastiki itayeyuka. Na kuna kichekesho ndani yake: umenunua taa zisizokula umeme, kisha umenunua kitu cha kuula.

Mimi nashauri kubadilisha flasha. Ile ya LED hupiga kwa kasi yake yenyewe bila kujali mzigo. Toa kwanza waya wa hasi wa betri, kisha angalia miguu ya ile ya zamani. Herufi B ni upande wa betri, L ni wa taa, na E, kama ipo, ni hasi. Usiamini mpangilio kwa macho. Watengenezaji huupanga tofauti, na ukikosea unaweza kuiunguza. Hasara ya flasha hii ni kwamba haitakuonya tena taa ikifa, kwa hiyo zoea kuizunguka pikipiki ukitazama.

Kuna pikipiki ambazo baada ya hapo huja na kioja: ukiwasha kushoto, taa zote nne zinapepesa. Chanzo ni kitaa kimoja cha dashibodi kinachotumika kwa pande zote mbili. Mguu wake mmoja umeungwa kwenye waya wa kushoto, mwingine kwenye wa kulia. Ukiwasha kushoto, umeme hupita kwenye kitaa hicho na kutafuta hasi kupitia taa za kulia. Enzi za globu hilo halikuonekana: tungsteni baridi hupitisha umeme kwa urahisi sana, na mkondo mdogo wa kitaa hautoshi kuipasha moto hadi iwake. Kwa LED, mkondo huohuo mdogo ni chakula cha kutosha, na taa za kulia zinawaka.

Dawa yake ni diodi mbili za 1N4007, vitu vya bei ndogo kwenye duka lolote la spea za redio. Tenganisha kitaa na nyaya zote mbili. Unga diodi moja kwenye waya wa kushoto na nyingine kwenye wa kulia, kisha ncha zake zenye mstari mweupe zikutane kwenye mguu mmoja wa kitaa. Mguu wa pili upeleke kwenye hasi. Diodi hupitisha umeme upande mmoja tu, hivyo wa kushoto hauwezi tena kuvuka kwenda kulia. Lehemu maungio na uyafunike vizuri, maana maji ya mvua hupenya chini ya dashibodi.