Fahamu: Ugumu wa kumpima rubani mwanafunzi wa kijeshi

Katika ndege ya mafunzo ya T-6 ya Jeshi la Anga la Marekani, mkufunzi kwa kawaida huketi nyuma ya mwanafunzi. Haoni uso wake. Anaona kofia tu, hivyo humsoma kupitia kasi na kimo cha ndege, na sauti inayojibu redioni. Kigumu zaidi ni kuamua lini ashike usukani. Akiwahi, hatajua kama mwanafunzi angejirekebisha mwenyewe. Akichelewa, wote wawili wamo hatarini. Kwa hiyo alama hupima pia subira ya mkufunzi, na ndiyo maana naona ni haki mtihani wa angani usimamiwe na mtu mwingine, si yule aliyemfundisha na kumzoea.

Wapo wanaosema ukali huu wa kumpima mwanafunzi ni anasa, kwani jeshi hilo limekuwa na upungufu wa marubani kwa miaka. Hoja hiyo ina uzito. Lakini ndege nyingi za kivita, kama F-35, zina kiti kimoja tu: huko hakuna mkufunzi wa kuokoa jahazi. Alama ya huruma haizibi pengo la marubani. Inahamishia hatari kikosini.