Kabrasha la Pamoja Ofisini: Nani Asome, Nani Aandike?

Ofisi ndogo ya idara au ya chama huwa na tarakilishi nne au tano, kichapishi kimoja, na faili ambazo kila mtu anazihitaji kwa wakati mmoja. Pasipo na mpango, faili hizo husafiri kwa diski ya flashi kutoka meza hadi meza. Mhariri mmoja husahihisha makala asubuhi. Mwenzake naye, alasiri, husahihisha nakala ya jana. Kufikia jioni pana matini mbili za makala moja, kila moja ikiwa na masahihisho ambayo nyingine haina. Jina la faili nalo hurefuka: "mwisho", "mwisho kabisa", "mwisho sahihi". Mwanafunzi wa fasihi simulizi atakumbuka hapo jinsi hadithi moja inavyokuwa na matini nyingi kwa wasimulizi wengi, ila ofisini wingi huo haumpendezi mtu, hasa faili yenyewe inapokuwa orodha ya alama za mtihani.

Makala hii inadhamiria kufafanua jinsi kabrasha la pamoja linavyoandaliwa ili kuondoa adha hiyo. Neno kabrasha linatumiwa hapa kwa maana ya mahali pa kuhifadhia faili ndani ya tarakilishi. Wapo wanaopendelea folda, na wapo wanaosema jalada. Mjadala huo una wenyewe na hautatatuliwa hapa. Ila kabrasha lina faida moja, kwamba tangu awali limebeba dhana ya makaratasi yaliyowekwa pamoja, na ndiyo dhana inayohitajika.

Kabrasha la pamoja si kitu cha ajabu. Ni kabrasha la kawaida lililo kwenye diski ya tarakilishi moja, ambalo tarakilishi nyingine zinaruhusiwa kulifungua kupitia mtandao wa ndani wa ofisi. Intaneti haihitajiki, hata siku ambayo bili ya intaneti haijalipwa, kabrasha litafunguka, mradi ruta au swichi inayounganisha mashine ina umeme. Lugha ambayo tarakilishi hizo huzungumza zinapoombana faili huitwa SMB. Ilibuniwa na Barry Feigenbaum katika kampuni ya IBM mwaka 1983, kisha ikakuzwa na Microsoft. Mwanafunzi wa uzamifu mjini Canberra, Australia, Andrew Tridgell, aliichunguza na kuandika programu ya kuiwezesha mashine isiyotumia Windows kuhudumia zile zinazoitumia. Jina la kwanza la programu hiyo lilipoleta mgogoro wa umiliki, Tridgell alipekua orodha ya maneno iliyokuwa ndani ya tarakilishi yake, akitafuta neno linaloanza kwa S na lenye M na B kwa mfuatano huo. Akapata Samba. Wataalamu wa istilahi, ambao hubishana miaka mingi juu ya neno moja, huenda wakaionea wivu mbinu hiyo. Kwa ofisi yenye fedha chache, manufaa ya Samba ni kwamba tarakilishi kuukuu yenye Linux inaweza kufanywa seva bila kununua leseni yoyote.

Watu wengi huanzia kwenye mashine, na hapo ndipo wanapokosea. Kazi hii huanzia kwenye karatasi. Orodheshwe kwanza watumiaji, kisha aina za faili, halafu iamuliwe ni nani atakayesoma tu, ni nani atakayesoma na kubadilisha, na ni nani asiyepaswa hata kuona. Chukua ofisi ya jarida yenye mhariri mkuu, wahariri wawili, mhazili na mhasibu. Makala zilizowasilishwa zinasomwa na wote isipokuwa mhasibu, lakini wanaozibadilisha ni wahariri peke yao. Hesabu zinabadilishwa na mhasibu na kusomwa na mhariri mkuu. Fomu tupu na barua za kuigwa zinasomwa na kila mtu, na mhazili ndiye mwenye kuzirekebisha. Mistari hiyo michache ya maamuzi ndiyo kazi yenyewe, na hakuna programu iwezayo kuamua kwa niaba ya ofisi. Aidha, ruhusa zipewe vikundi badala ya watu mmoja mmoja: kikundi cha wahariri, kikundi cha uhasibu, kikundi cha wote. Mhariri mpya akija ataingizwa kikundini tu, na akiondoka ataondolewa.

Mashine itakayobeba kabrasha yafaa iwe ile isiyozimwa mchana wala kuhamishwa. Kipakatalishi cha mwenyekiti hakifai, kwa kuwa mwenyekiti akienda mkutanoni ofisi nzima husimama. Mashine hiyo ipewe jina fupi lisilobadilika, iunganishwe kwa waya, izuiwe kulala yenyewe, na iwe na betri ya akiba, maana umeme ukikatika faili inapohifadhiwa, faili hiyo yaweza kuharibika. Windows ya kawaida, isiyo ya seva, ina kikomo cha miunganisho inayohudumiwa kwa wakati mmoja: Windows XP Professional ilikuwa na 10, ilhali Windows 10 na 11 zina 20. Ofisi ya watu watano haitafika huko.

Baadaye hufuata akaunti. Katika ofisi isiyo na seva ya kusimamia watumiaji, kila mtu huundiwa akaunti kwenye mashine inayobeba kabrasha, kwa jina na nywila zilezile anazotumia mezani pake. Nywila isiwe tupu. Windows kwa kawaida humkataa anayekuja kupitia mtandao bila nywila, na wengi wamepoteza siku nzima wakikagua nyaya ilhali tatizo lilikuwa hilo.

Suala linalowatatiza watu zaidi ni kwamba ruhusa zina tabaka mbili. Tabaka ya kwanza ni ya kabrasha linapofikiwa kupitia mtandao. Ya pili ni ya diski yenyewe, inapokuwa imeandaliwa kwa mfumo wa NTFS. Anayetoka mtandaoni hupita zote mbili, na iliyo kali zaidi ndiyo hutawala: akiruhusiwa kubadilisha katika ya kwanza na kusoma tu katika ya pili, atasoma tu. Lakini anayeketi mbele ya mashine yenyewe haguswi na tabaka ya kwanza. Hivyo basi, ikiwa hesabu zimelindwa kwa tabaka ya mtandao pekee, na mashine iko kwenye meza ya mhazili, mhazili anaweza kuzifungua zote. Njia iliyo salama ni kuifanya tabaka ya mtandao iwe pana kwa watumiaji wenye akaunti, na maamuzi ya ile karatasi yawekwe kwenye diski. Kuna pia kitufe cha kukataza, ambacho ni bora kisiguswe. Katazo hushinda ruhusa, na mtu aliye katika vikundi viwili, kimoja kikiwa kimekatazwa, hujikuta nje. Asiyestahili asipewe ruhusa tu, hilo latosha.

Baada ya hapo kabrasha huunganishwa kwenye kila tarakilishi, lionekane kama diski nyingine. Majaribio yafanywe kwa akaunti ya mtumiaji wa kawaida, kwani msimamizi hufunguliwa karibu kila mlango na hatajua nani amefungiwa.

Kabrasha likishafanya kazi, yapo mambo mawili ambayo huwashtua wasioambiwa mapema. La kwanza ni la heri: mhariri wa pili akifungua matini ya Word ambayo mwenzake anaihariri, huarifiwa kwamba inatumika na hupewa ya kusoma tu. La pili ni la shari: faili ikifutwa kutoka tarakilishi nyingine kupitia mtandao, haiendi kwenye pipa la taka. Imekwenda. Ndiyo maana ruhusa ya kubadilisha, ambayo ndani yake mna kufuta, isigawiwe ovyo kwa kisingizio cha kuaminiana.

Vilevile, kabrasha la pamoja si nakala ya akiba. Mwezi wa Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilienea duniani kupitia kasoro ya toleo la kwanza la SMB, kikifunga faili na kudai fidia. Hospitali za Uingereza zilikuwa miongoni mwa zilizoathirika. Windows za karibuni hazina toleo hilo hadi mtu aliongeze, na halifai kuongezwa kwa ajili ya kuridhisha mashine moja ya zamani. Hapa Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayehifadhi taarifa za watu azilinde, na alama za wanafunzi na mishahara ni taarifa za watu. Diski ya nje inakiliwe kila wiki walau mara moja, ichomolewe, na ifungiwe katika chumba kingine. Mara kwa mara faili moja irejeshwe kutoka humo na kufunguliwa, ili ijulikane kama inasomeka.