Nyumba Moja, Sheria Tatu

Tuseme yupo mama, tumwite Bi Mwanaisha, mzaliwa wa Mombasa, mwenye miaka 78, anayeishi Sacramento, California. Nyumba yake aliinunua na marehemu mumewe mwaka 1990 kwa dola 150,000. Leo bei yake sokoni ni dola 700,000. Juu ya kabati la jikoni ameweka bahasha ya kaki: hati ya nyumba, bili za zamani, na barua ya kaunti ambayo hajaifungua. Ukimuuliza habari za urithi, jibu analo tayari.

"Nishaigawa, mwanangu. Niliwaambia wote siku ya Idi, mbele ya mashahidi."

"Umeandika, Mama?"

"Niandike nini? Watoto wangu nawajua."

Watoto anawajua kweli. Asichokijua ni kwamba California haitambui wosia wa mdomo, hata wakishuhudia watu kumi. Tena, katika miaka michache iliyopita jimbo hilo limebadilisha sheria tatu zinazoigusa nyumba hiyo hiyo: ya matibabu, ya mirathi na ya kodi. Kila sheria ina ofisi yake na fomu zake, na ofisi moja haikuonyi kuhusu nyingine. Ndiyo maana familia hujikinga na sheria hii ikaumizwa na ile.

Matibabu: kiwango kimerudi

Medi-Cal ni bima ya afya ya jimbo kwa watu wa kipato kidogo. Kwa miongo kadhaa, mzee asiye na mwenzi aliyekuwa na akiba inayozidi dola 2,000 aliikosa. Julai 2022 kiwango hicho kilipandishwa hadi dola 130,000, na Januari 2024 kikafutwa kabisa. Wazee wakapumua, wakaacha kuhesabu. Kisha bajeti ya mwaka 2025 ikakirudisha. Tangu Januari 1, 2026, mtu mwenye miaka 65 na kuendelea, mwenye ulemavu, au anayelelewa katika kituo cha uuguzi, hatakiwi kuwa na mali inayozidi dola 130,000. Kwa mume na mke ni dola 195,000.

Nyumba anayoishi mwenyewe haihesabiwi, wala gari moja, wala vyombo vya ndani. Kwa hiyo nyumba ya Bi Mwanaisha iko salama. Penye hatari ni benki. Akina mama wengi wa kwetu ndio waweka hazina wa chama, na fedha za wanachama hulala kwenye akaunti zao. Kaunti ikiangalia akaunti hiyo inaona jina moja tu. Akitaka fedha hizo zisihesabiwe kuwa zake, yeye ndiye wa kuthibitisha. Vivyo hivyo akaunti aliyoifungua pamoja na mwanawe. Na fomu inapouliza mali zote, kiwanja kilichoko Kilifi nacho ni mali. Kitajwe.

Kuikosa Medi-Cal si kukosa daktari peke yake. Upo mpango wa jimbo, IHSS, unaomlipa mtu amhudumie mzee nyumbani kwake, na mtu huyo anaweza kuwa mtoto wake wa kumzaa. Mpango huo unategemea Medi-Cal. Bi Mwanaisha akiondolewa kwenye bima, binti anayemuogesha na kumpikia anaweza kupoteza mshahara wake.

Baada ya kifo jimbo linaweza kudai sehemu ya gharama lilizolipa tangu mtu alipofikisha miaka 55, hasa za kituo cha uuguzi. Lakini kwa waliofariki tangu Januari 1, 2017, dai hilo hugusa mali inayopitia mirathi ya mahakamani tu. Na halidaiwi iwapo ameacha mume au mke, mtoto wa chini ya miaka 21, au mtoto mwenye ulemavu. Kwa hiyo swali kubwa ni hili: nyumba itapita mahakamani, au haitapita?

Mirathi: njia fupi imepanuliwa

Wengi hudhani ukiandika wosia umeiepuka mahakama. La. Wosia huiambia mahakama nani apewe nini, lakini kesi ya mirathi inabaki pale pale. Ada zake zimewekwa na sheria kwa kufuata thamani nzima ya mali, bila kutoa deni la benki. Kwa nyumba ya dola 700,000, wakili anaweza kudai hadi dola 17,000, na msimamizi wa mirathi kiasi hicho hicho. Jumla dola 34,000, hata kama nusu ya nyumba bado ni ya benki.

Hapa sheria imelegea. Kwa mtu aliyefariki tangu Aprili 1, 2025, nyumba aliyokuwa akiishi, ikiwa thamani yake haizidi dola 750,000, inaweza kuhamishiwa warithi kwa ombi moja fupi mahakamani baada ya siku 40. Kabla ya hapo kikomo kilikuwa dola 184,500, na katika sehemu nyingi za California fedha hiyo hainunui hata banda. Njia hii haifai kwa nyumba ya kupangisha, na warithi wote lazima wapewe taarifa.

Anayetaka kuiepuka mirathi ya mahakamani ana njia mbili za kawaida. Ya kwanza ni amana ya familia: mzee anaiingiza nyumba ndani ya amana anayoisimamia mwenyewe mpaka mwisho wa uhai wake, na warithi huipokea kwa masharti aliyoyaandika. Ya pili ni hati ya kurithisha nyumba baada ya kifo, iliyoruhusiwa tangu 2016. Hati hii ni rahisi, ila masharti yake yamekazwa: itiwe saini mbele ya mashahidi wawili, ithibitishwe na notari, na isajiliwe kaunti ndani ya siku 60 tangu kuthibitishwa. Ikikaa ndani ya bahasha ya kaki siku ya 61, ni karatasi tu.

Neno kwa ndugu zangu Waislamu. Mtu akifa bila kuandika lolote, jimbo hugawa kwa kanuni zake, na kanuni hizo humpa mtoto wa kike na wa kiume sawa kwa sawa. Anayetaka mafungu ya mirathi ya Kiislamu lazima ayaandike kwenye wosia au amana.

Kodi: nani atakaa humo?

Tangu 1978 thamani ya nyumba kwa hesabu za kodi, maadamu haijabadilisha mwenyewe, haiwezi kupanda zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka, na kodi ya msingi ni asilimia 1 ya thamani hiyo. Nyumba ya Bi Mwanaisha, baada ya miaka 35, kwa mthamini wa kaunti haizidi kama dola 300,000. Analipa karibu dola 3,000 kwa mwaka.

Zamani mtoto alirithi nyumba pamoja na kodi hiyo ndogo, akae humo au aipangishe. Pendekezo Na. 19, lililopitishwa na wapiga kura Novemba 2020, lilibadilisha hilo kuanzia Februari 16, 2021. Sasa lazima mmoja wa watoto waliorithi ahamie humo ndani ya mwaka mmoja, pawe maskani yake, na awasilishe fomu kaunti. Asipohamia mtu, nyumba inathaminiwa upya na kodi inaruka hadi kama dola 7,000. Desturi yetu ya kuiacha nyumba ya wazazi iwe ya ukoo, ipangishwe na kodi ya pango igawanywe, imepata gharama mpya.

Kosa linalorudiwa

Mtoto mwenye haraka husema: "Mama, niandikie nyumba sasa hivi, tumalize." Akiandikiwa na hakai humo, kodi ya nyumba inapanda mama akiwa hai. Mtoto akidaiwa au akiachana na mkewe, nyumba ya mama imo kwenye kesi. Na siku akiiuza, kodi ya faida hupigwa kutoka bei anayohesabiwa mama, kwa kuwa aliyepewa zawadi hurithi bei ya aliyempa. Angeirithi baada ya kifo, hesabu ingeanzia thamani ya siku ya kifo, na faida ingekuwa ndogo au isiwepo.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wiki hii ishusheni ile bahasha mkiwa na mzee mwenyewe mezani. Fungueni barua ya kaunti, someni jina lililo kwenye hati ya nyumba, hesabuni kilichomo benki, na mwulizeni nani atakaa humo. Mtu wa miaka 60 na kuendelea anaweza kupata ushauri wa kisheria bila malipo kupitia ofisi inayohudumia wazee katika eneo lake. Nendeni naye angali anaweza kushika kalamu.