Malaika walinzi, na swali la watu wa Goma

Wakatekista wanatuletea mara nyingi swali moja, nalo halitoki katika vitabu. Watu wanauliza: Kama kila mtu ana malaika mlinzi, yeye alikuwa wapi siku ile? Mmoja anataja tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, moto wa Nyiragongo ulipopita kati ya mji mpaka ziwani, ukaharibu hata kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Mwingine anataja vita. Tusiwajibu mbio mbio.

Malaika ni viumbe wasio na mwili, wenye akili na mapenzi. Mtaguso wa nne wa Laterani ulifundisha mwaka 1215 kwamba Mungu ndiye aliyewaumba. Tena Mtakatifu Tomasi wa Akwino asema kwamba mtu anapewa malaika wake tangu kuzaliwa, si tangu kubatizwa. Basi hata mpagani anaye, jambo tunalolisahau upesi.

Lakini ulinzi huo ni wa namna gani? Tufungue Matendo ya Mitume, sura ya 12. Herode anamwua Yakobo kwa upanga. Kisha anamfunga Petro, na malaika anakuja usiku kumtoa gerezani. Mfalme ni yule yule, Ekleziya ni ile ile. Je, Yakobo hakuwa na malaika? Na katika bustani ya Mizeituni, Mtakatifu Luka aeleza kwamba malaika alimtia Yezu nguvu, kikombe hakukiondoa.

Tena tuangalie ni nani aliyetaja ahadi ya malaika mbele ya Yezu juu ya hekalu: Shetani mwenyewe! Alitaka Yezu ajitupe chini. Mwenye kujaza watu kupita kiasi katika chombo cha Ziwa Kivu, huku akisema malaika watatulinda, anarudilia shauri la yule mjaribu.

Hapa kwetu tunaye Mwenye Heri Floribert Bwana Chui, aliyezaliwa Goma mwaka 1981. Kazi yake ilikuwa kukagua bidhaa za kuingia nchini. Alikataa hongo ya watu waliotaka kupitisha vyakula vilivyoharibika, wakamwua mwezi wa saba 2007. Aliwekwa kati ya wenye heri huko Roma, tarehe 15 mwezi wa sita 2025. Malaika wake alimwacha? Tomasi afundisha kwamba malaika hamwachi mtu kabisa, ijapo mara nyingine hazuii mateso yasimpate. Kazi yake ya kwanza ni kumfikisha mtu kwa Mungu: kuangaza akili, kuimarisha moyo. Wale wauaji walitaka kununua dhamiri yake. Hawakuipata.

Neno moja kwa wakatekista. Wako wanaowauzia wakristu majina ya siri ya malaika, na vitu vya kuvaa shingoni. Maandiko yanatupa majina matatu tu ya malaika watakatifu, Mikaeli, Gabrieli na Rafaeli, na Roma ilikataza mwaka 2001 kuwapa wengine majina. Sala fupi ya watoto kwa malaika mlinzi, asubuhi na jioni, inatosha. Na sikukuu yao ya tarehe 2 mwezi wa kumi isipite kimya.

Na mama aliyefiwa akituuliza lile swali la kwanza, tusianze na Tomasi. Tukae naye kwanza. Sura ya 12 tutaisoma pamoja naye siku nyingine, akitaka.