Mafunzo ya Ufundi kwa Njia ya Simu: Mambo ya Kuangalia Kabla ya Kulipa

Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wazima wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma kijitabu na kujadiliana, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka kandokando ya nyumba zao. Redio ilifikisha somo, kiongozi wa kikundi alilifafanua kulingana na mahitaji ya wenzake, na jembe likalikamilisha.

Leo simu ya mkononi imeshika nafasi ya redio. Mama lishe anaweza kusoma usiku baada ya kufunga kazi, na kurudia somo gumu bila kumwonea haya mtu. Hata hivyo, hakuna awezaye kuwa fundi umeme kwa kutazama video pekee. Anayelipia mafunzo ya namna hiyo huweza kupoteza akiba yake, na anayeyategemea kazini huhatarisha maisha yake na ya wateja wake. Kwa sababu hiyo, tunakushauri upate majibu ya maswali manne kabla ya kulipa.

1. Je, mtoa mafunzo amesajiliwa? Hakiki jina lake kwa Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi (NACTVET). Kumbuka kwamba cheti cha kushiriki si uthibitisho wa ujuzi.

2. Mafunzo kwa vitendo yatafanyika wapi? Ulizia karakana, idadi ya saa, vifaa vitakavyotumika na jina la msimamizi. Jibu la "utafanya mwenyewe nyumbani" halitoshi kwa kazi zenye hatari kama vile umeme na uchomeleaji.

3. Je, somo litakufuata ulipo? Mafunzo mazuri huanza kwa kupima unachokijua, na humpa mwalimu nafasi ya kusahihisha kazi yako. Ikiwa umejifunza ufundi mtaani kwa miaka mingi, pengine huhitaji kuanza upya: ulizia VETA kuhusu urasimishaji wa ujuzi, ambapo hupimwa kile ambacho tayari unakiweza.

4. Gharama kamili ni kiasi gani? Jumlisha ada, bando, nauli ya kwenda karakana na vifaa. Taka masharti ya kurejeshewa fedha kwa maandishi. Ukiombwa namba ya kitambulisho au picha, uliza zitatumikaje; Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakulinda.

Lipa kwa njia inayoacha kumbukumbu, na utunze risiti pamoja na ujumbe wote uliotumiwa. Endapo ahadi hazitatimizwa, mwandikie kwanza mtoa mafunzo na ubaki na nakala. Malalamiko yenye ushahidi hushughulikiwa kwa urahisi zaidi.

Mtoa mafunzo makini hatachukizwa na maswali haya. Anayekuhimiza ulipe leo bila kuyajibu amekwisha kukupa jibu. Kuuliza si ujinga.