Alama Zinazopanda Mwezi Ukiwaka

Kaye, yaani daftari, ni la kurasa mia, jalada lake la bluu limeanza kupauka, la aina inayouzwa kwenye meza za barabara ya Lumumba pamoja na mishumaa na kadi za simu. Ndani, kurasa zimepigwa mistari kwa rula na biki nyekundu. Kushoto kuna saa, katikati kilichofanyika, kulia safu mbili nyembamba: ya kwanza imeandikwa "raha", ya pili "nimeweza". Kila saa ambayo mwenye kaye alikuwa macho imepewa alama mbili, kuanzia sifuri hadi kumi. Mwandiko ni wa karani hasa. Sifuri zimefungwa vizuri. Hakuna neno lililofutwa; palipokosewa pamekatwa mstari mmoja na kutiwa sahihi ndogo pembeni, kama rejista ya Leta, yaani ya serikali, inavyodai.

Nimesoma ripoti nyingi kuhusu mkoa wetu wa Tanganyika: za vita, za waliohama vijiji vyao, za kipindupindu, za ziwa lililopanda mpaka likaingia nyumbani mwa watu. Hakuna hata moja iliyonishika kama ukurasa huu wa Jumanne moja. Saa mbili, kufika biro (ofisini), kusaini: 0, 1. Saa tatu, kukaa: 0, 0. Saa nne, kukaa: 0, 0. Saa tano, shefu amenituma nimwite fundi wa jenereta: 0, 2. Saa sita, kukaa. Saa saba, kukaa. Saa nane, kukaa. Saa tisa, kurudi kwa mguu kupitia ufukoni: 3, 1. Jioni, watoto wanasoma, mimi nimelala nikitazama ukuta: 0, 0.

Aliyeniwekea kaye hilo mezani ni muuguzi wa afya ya akili, mama wa makamo anayehudumu katika kituo kimoja cha mjini Kalemie. Mwenye kaye alikubali lisomwe kwa sharti kwamba lisitajwe jina lake wala idara aliyoitumikia. Muuguzi naye aliomba asitajwe, kwa kuwa mji wetu ni mdogo na kila mgonjwa ana shemeji anayesoma gazeti. Nitamwita Mama, kama wagonjwa wake wanavyomwita.

"Alikuja akilalamikia tumbo," ananiambia. "Wanaume wa biro karibu wote wanakuja na tumbo, au mgongo, au moyo unaodunda. Haingii mtu hapa akasema nina huzuni. Nikampima malaria, hana. Homa ya matumbo, hana. Nikamuuliza: majuma mawili haya, papa, ni kitu gani kimekufurahisha? Alinyamaza, mwanangu. Alinyamaza mpaka nikadhani hakunisikia. Kisha akasema, nisamehe Mama, bado natafuta."

Majuma mawili hakuyatoa hewani. Ndicho kipimo wanachotumia matabibu kutenganisha sonona na huzuni ya kawaida: moyo kuzama au mambo yote kukosa ladha, karibu kila siku, kwa muda usiopungua huo, pamoja na usingizi kuharibika, chakula kukosa utamu, nguvu kuisha, akili kushindwa kutulia, mtu kujiona hafai. Lipo pia swali la kifo, na Mama halizungushi. Anauliza waziwazi kama mtu amefikiria kujiua, na kama amefikiria kwa njia gani. Wenzake wapya huliogopa swali hilo wakidhani litampa mgonjwa wazo. "Wazo analo tayari au hana," anasema. "Mimi namwondolea tu upweke wa kulibeba."

Biro lenyewe halihitaji maelezo mengi kwa msomaji wa hapa. Kalemie imelelewa na mishahara ya biro tangu ilipokuwa Albertville. Reli ilifika ziwani kutoka Kabalo mwaka 1915, bandari ikafuata, kisha kiwanda cha Filtisaf na nguo zake, na kila kimoja kilikuwa na makarani wake. Filtisaf ilikufa. Watu wa reli wakazoea kudai mishahara ya miezi na miezi. Wanajeshi wa Umoja wa Mataifa walifunga kambi yao hapa mwaka 2022, na kazi za vijana wengi wenye diploma zikaenda nao. Kilichobaki ni Leta, ambako mtu anaweza kusaini rejista kwa miaka jina lake halijaingia kwenye orodha ya mishahara, akiishi kwa posho ya hapa na pale na kwa matumaini ya orodha ijayo. Mwenye kaye alikuwa mmoja wao, kwa miaka tisa. Nilipomuuliza Mama ilikuwaje mtu akang'ang'ania kazi isiyomlipa, alicheka kidogo. Naye ni muuguzi anayesubiri orodha.

Njia anayoitumia haikubuniwa kwetu. Katika miaka ya 1970 mwanasaikolojia wa Marekani, Peter Lewinsohn, alishikilia kwamba sonona hujilisha yenyewe: mtu anaacha vitu vilivyokuwa vikimpa raha, siku inabaki tupu, utupu unamzamisha zaidi, naye anaacha vingine. Dawa yake ni kuanzia kwenye mwili. Usisubiri hamu. Fanya kitu kidogo kilichopangwa, kiandike, kipe alama, kesho ongeza. Ukisikia hivi unaweza kudharau, nami nilidharau kimoyomoyo. Lakini mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walichapisha jaribio la watu 440 wenye sonona, ambamo njia hii, ikitolewa na wahudumu wasio wanasaikolojia, haikupitwa na tiba ya mazungumzo inayotolewa na wataalamu wa gharama kubwa. Shirika la Afya Duniani limeiingiza katika mafunzo yake ya vikao vitano, yaliyojaribiwa pembezoni mwa Nairobi na wahudumu wa afya wa mitaa kwa wanawake zaidi ya 400, matokeo yakachapishwa mwaka 2017. Nchi yenye madaktari wa akili wachache kama Kongo ina kila sababu ya kuipenda.

Mama anaipenda kwa sababu nyingine. "Dawa tunazo siku nyingine, siku nyingine hatuna. Na hata zikiwapo, zinachukua majuma kabla mtu hajasikia nafuu. Kaye linapatikana siku zote. Na huyu alikuwa karani! Nikamwambia, papa, miaka yote umejaza rejista ya Leta, sasa jaza yako."

Kisa kingeishia hapo kama siyo barua. Baada ya mwezi wa kujaza, karani alikuja na barua ya kuacha kazi imekwisha kuandikwa, bado sahihi tu. Akafungua kaye, akamwonyesha Mama zile sifuri za saa mbili hadi saa tisa, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Ushahidi ulikuwa wa maandishi yake mwenyewe.

Mama alimkataza. Anawakataza wote, anasema, kwa sababu sonona inachukia kila kitu: leo biro, kesho ndoa, keshokutwa uhai. Mtu aliyezama asiamue jambo kubwa lisilorudishika. Kwa walioajiriwa na kampuni au mashirika anaongeza hesabu ya sheria. Sheria ya Kazi ya mwaka 2002 inampa mgonjwa theluthi mbili za mshahara anapokuwa nje kwa ugonjwa, na matibabu yake na ya familia yako juu ya mwajiri. Anayeacha kwa barua anaviacha vyote, tena akiwa mgonjwa. Omba kwanza karatasi ya daktari, anawaambia. Lakini karani huyu hakuwa na mshahara wa kukatwa theluthi. Hoja ikamponyoka Mama mkononi, na anakiri hivyo bila haya.

Karani akasaini.

Kurasa za majuma matatu yaliyofuata ni ngumu kuzisoma. Saa mbili, nimeamka, nimelala tena: 0, 0. Saa nne, mke ameuliza kama naumwa: 0, 0. Saa tisa, hakuna. Ile 3 ya saa tisa, alama pekee iliyokuwa ikisimama katika siku zake za biro, ilipotea. Alikuwa akiipata akirudi nyumbani kando ya maji, na sasa hakuwa na mahali pa kurudi kutoka.

"Hapo niliogopa," anasema Mama. "Nikamwambia, papa, biro umelifukuza, sawa, lakini na njia ya kurudi nyumbani umeifukuza. Basi kazi yako mpya ni hiyo. Saa nane unatoka, unaenda mpaka ufukoni, saa tisa unarudi. Sitaki uende kufanya chochote. Nenda ili urudi."

Akaenda ili arudi. Ufukoni yuko mjomba wake, mwenye mitumbwi ya kuvulia ndakala, wale dagaa wa ziwani, na mjomba hakujua habari za vikao wala za alama. Alijua tu kwamba wavu mrefu unahitaji mtu wa kuushika upande wa pili. Kushika wavu: 1, 3. Kushika wavu: 1, 3. Kushona, mjomba amefumua nilichoshona: 0, 1. Kushona: 2, 4. Kisha, kwa mwandiko uleule wa rejista, karani akaanza kuhesabu: kushona, matundu kumi na moja: 4, 6. Matundu kumi na tisa: 4, 7. Sijui kwa nini ile kumi na tisa ilinifurahisha kuliko takwimu zote za Uingereza.

Hapo ndipo lilipo jambo lililonifanya niandike makala haya. Ukifungua kurasa za miezi iliyofuata kwa haraka, alama zinapanda na kushuka kwa mpangilio. Zinapanda kwa siku saba au nane, zinashuka taratibu, zinatambaa chini, zinapanda tena. Mama alikuwa wa kwanza kuliona, akaweka duara la penseli juu ya kila kilele. Akachukua kalenda ya parokia iliyotundikwa ukutani, yenye picha za miandamo ya mwezi. Kila duara liliangukia siku za mbalamwezi.

Wapo ndugu wa karani waliolipokea hilo kama walivyolingojea. Walikuwa wamekwisha kumpeleka kwenye maombi ya usiku, na shangazi mmoja alikuwa na mtu wa kumshuku. Mwezi uliwapa nguvu. Mama akawaita wote, akawauliza swali ambalo kila mtoto wa Kalemie angelijibu: wavuvi wanafanya nini mbalamwezi ikitoka? Ndakala huvuliwa gizani, kwa taa inayowavuta juu. Mwezi ukiwa mpevu taa haifui dafu, mitumbwi inavutwa mchangani, na watu wote wanakaa kushona nyavu, wakitaniana na kugombana na kupika samaki wa mwisho. Giza likirudi wanavua usiku kucha, mchana wamelala, na ufukweni anabaki mtu mmoja na sindano yake.

"Hakuna uchawi na hakuna mwezi," anasema Mama. "Ni watu. Alama zake zinapanda watu wakiwapo."

Nikamuuliza kama basi tatizo lilikuwa biro, au upweke ndani ya biro. Mle alikaa na wenzake wanne, si peke yake. Mama anatikisa kichwa. Wanne hao nao walikuwa wakikaa, anasema, na kukaa pamoja si sawa na kushika wavu mmoja. Nikauliza tena: angebaki kazini, akapewa matembezi yaleyale na nyavu zilezile jioni, angepata nafuu hii? "Sijui. Sina karani wa pili wa kulinganisha." Na je, alikosea kumkataza kuacha? Hapo alichukua muda. "Wagonjwa wengine wanne niliwakataza, wakabaki, wakapona, leo wananishukuru. Huyu alikataa, naye anapona. Ukiniuliza kesho nitamkataza mwingine tena."

Anapona, hajapona. Katika kaye la tatu bado kuna asubuhi za 0, 0, hasa majuma ya giza yakianza, na kwa siku hizo Mama amempangia kazi za asubuhi pamoja na akina mama wanaoanika ndakala mchangani, ambao hawalali mchana. Alama za kuanika ni za wastani. Pesa ni kidogo: fungu la samaki, noti chache mjomba akiuza vizuri. Mke wake, anayeuza unga sokoni, ndiye anayelipa shule ya watoto, kama alivyokuwa akilipa miaka yote tisa ya biro. Jambo hilo halikupewa safu katika kaye lolote, na nilipomwambia Mama hivyo aliniambia niliandike.

Sasa inavumishwa kwamba orodha mpya ya mishahara inakuja. Wenzake wa zamani wamemtumia salamu: shefu hakuipeleka ile barua mbele, iko kwenye droo, jina lake bado linasomeka. Familia imegawanyika. Kaka yake mkubwa anataka arudi Jumatatu. Mjomba hasemi, ila ameanza kumlipa kila juma. Mama anashauri wajaribu kwanza kwa mwezi mzima wa angani, asubuhi biro, alasiri nyavu, alama ziandikwe, ndipo waamue. Kaka anasema hakuna shefu atakayekubali karani wa nusu siku. Mke anasema yeye anawajua mashefu, na hajamwona aliyewahi kumaliza hata hiyo nusu.